Walilinganisha na nini? Niliyojifunza fildi na kwenye grupu la ukoo

Kwenye grupu letu la ukoo haipiti wiki bila mtu kutupia kitu kinachoanza na "watafiti wamegundua". Mara kitunguu saumu, mara maji ya moto na limao, mara ukilala ubavu wa kushoto moyo unapumzika. Halafu wakishatuma wote wananigeukia mimi, "dada hii ni kweli?", kisa niliwahi kufanya kazi kwenye utafiti. Jamani mimi sio daktari, hata unesi sijasomea. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na fomu kwenye mkoba, kuuliza kama mtoto ameugua homa tangu nilivyopita mara ya mwisho, kuwakumbusha kina mama tarehe ya sindano, basi. Lakini ile kazi iliniachia swali moja ambalo mpaka leo ndo natembea nalo, na kila meseji ikija naliuliza hilo hilo: walilinganisha na nini?

Nianze na fildi kwenyewe maana ndo nilikoelewa.

Ilikuwa ile chanjo ya malaria inaitwa RTS,S. Utafiti wake mkubwa ulianza 2009, vituo 11 kwenye nchi 7 za Afrika, kwetu Tanzania ilikuwa Korogwe na Bagamoyo, Kenya kulikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa, watoto zaidi ya 15,000 kwa ujumla. Mimi nilikuwa upande wa Korogwe. Sa ukifika kijijini na gari la mradi na vichupa vya kuchukulia damu unajua mwenyewe watakuita nani. Mumiani. Kuna nyumba mlango ulikuwa unafungwa wakisikia tu mlio wa gari, mi nikawa nashukia barabarani natembea kwa mguu, naanza kwa salamu ndefu mpaka wanachoka wenyewe wananikaribisha.

Mama mmoja alikuwa anapukuchua mahindi ukumbini, nikamsomea fomu ya ridhaa yote, akasikiliza vizuri tu, halafu akasimamisha mikono. "Mwanangu hapo umesoma mtoto wangu anaweza akapata chanjo ya malaria au ya kichaa cha mbwa. Mbwa katokea wapi tena?"

Swali zuri sana lile, na ukweli ni kwamba semina nzima tuliyopewa haikuniingia vizuri kama siku ile ya kumjibu. Maana ilikuwa kweli, watoto wa miezi 5 mpaka 17 ambao hawakuangukia kundi la chanjo ya malaria walipewa ya kichaa cha mbwa. Wale wachanga zaidi walipewa ya homa ya uti wa mgongo. Nikamwambia mama, ili tujue chanjo inafanya kazi lazima tuwe na watoto wengine wanaofanana na wako kwa kila kitu, kijiji hiki hiki, mbu hawa hawa, chandarua wamepewa vile vile, tofauti iwe ni kile tu kilichopo kwenye sindano. Na hao wengine sio haki kuwachoma maji matupu, bora wapate kitu kitakachowafaa. Tena mimi sijui mwanao kapata ipi, wewe hujui, na anayekuja kumpima homa naye hajui, kwasababu tukijua tutaanza kuwaangalia tofauti bila hata kukusudia.

Bibi yake alikuwa pembeni kajiegemeza ukutani akauliza, "kwahiyo watoto wetu mnawapigia kura?" Nikasema ndio bibi, kama mchezo mnavyovuta namba kwa kijumbe, nani apokee mwanzo. Akacheka, akasema afadhali namba, maana kijumbe akiachiwa achague mwenyewe atampa shoga yake kwanza.

Basi hapo ndo penyewe kabisa. Tungewaachia kina mama wachague, wanaokimbilia chanjo ni wale wale wanaoishi karibu na zahanati, wanaochomekea chandarua kila usiku, wana hela ya boda mtoto akichemka. Watoto wao wangeugua kidogo hata tungewachoma juisi. Halafu tungekuja kutangaza chanjo imefanya maajabu. Kura inawachanganya wote, wenye bidii na wasio na bidii, wa mlimani na wa bondeni, pande zote mbili.

Matokeo ya mwisho yalitoka 2015 na ndo nikaanza kupigwa maswali ya kejeli. Kwa watoto wa miezi 5 mpaka 17 waliopata sindano zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika kama miaka minne ya kufuatiliwa. Wasiopata ile ya nne ikawa 28, na wale wachanga waliopata zote nne ikawa 26. Binamu yangu mmoja akaandika "asilimia 36?? shule hiyo si umefeli, halafu wanatuletea Waafrika". Wakatuma vikatuni vya kucheka grupu zima.

Sikujibu haraka. Kwanza watu wanadhani 36 maana yake kati ya watoto 100 kuna 36 waliokingwa na 64 wameachwa hivi hivi. Sio hivyo. Wanahesabu mara ngapi malaria iliwapiga watoto wa kundi hili na mara ngapi iliwapiga wa kundi lile, halafu wanatazama pengo. Na mtoto wa kwetu haugui malaria mara moja akamaliza, anaweza akaugua mara tatu, nne, kabla hajaanza shule. Kwahiyo ukihesabu matukio, kwa kila watoto 1,000 waliopata sindano zote nne waliepushwa malaria 1,774. Soma tena, watoto 1,000, malaria 1,774. Na hiyo ni wastani wa vituo vyote, sehemu yenye malaria kidogo zilikuwa 205 tu, sehemu ambayo mbu wanatisha zilipita 6,500. Asilimia ni moja lakini uzito wake unategemea unaishi wapi. Mtu wa mjini ambako malaria imekuwa adimu anacheka 36, mama wa bondeni anayebeba mtoto mgongoni usiku mara tatu kwa mwaka hacheki.

Nikatuma hizo namba. Binamu akaweka kidole gumba, kwa yeye hiyo ni kama hotuba nzima.

Ila sikutaka kuwa mpiga debe pia, nikawaambia na upande wa pili. Kwenye utafiti ule kundi la chanjo walionekana watoto wengi zaidi waliopata homa ya uti wa mgongo kuliko kundi lingine. Ni wachache, inaweza ikawa bahati mbaya tu ya kura, inaweza ikawa kitu cha kweli, na haikufichwa, iliandikwa. Ndo maana chanjo haikumwagwa nchi zote siku ile ile, wakaanza kwa majaribio Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019, maeneo mengine yakapata na mengine yakasubiri, wakalinganisha tena. Ile shida haikuonekana. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike, na baadaye ikaonekana vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13 kule ilikoanza ukilinganisha na kule ilikokuwa bado. Mtu anayekuambia "hawa watafiti wanageuka geuka" mwambie ndio, wanatakiwa wageuke, ajabu ingekuwa wangeona kitu na wasirudi kuangalia.

Sasa kuna hii ya dripu, hii ndo iliyonibadilisha kichwa zaidi kuliko chanjo, tena haikuwa kazi yangu, niliisikia kwa shangazi.

Shangazi ni nesi mstaafu, amefanya wodi ya watoto miaka mingi. Mtoto akiletwa anachemka, mikono na miguu baridi, anapumua kwa shida au hajitambui, ukibonyeza kucha damu inachelewa kurudi, wao walifundishwa fungua dripu iende kwa kasi, mjazie mtoto maji ndani ya saa moja mzunguko wa damu urudi. Ndivyo vitabu vilivyosema na ndivyo hospitali kubwa za Ulaya walivyofanya. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi nalo, shida ilikuwa tu kwetu dripu zenyewe hazitoshi.

Basi kuna utafiti uliitwa FEAST, ukafanyika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, Teule pale Muheza kwetu Tanga, na nne za Uganda, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waliingizwa kwa kura makundi matatu. Makundi mawili yanapata maji ya haraka, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), la tatu hawapati ya haraka, wanapata matibabu mengine yote na dripu ya polepole. Kila mtu alitegemea wale wa polepole ndo watakuwa na hali mbaya. Januari 2011 kamati inayochungulia namba ikausimamisha utafiti kabla haujafika idadi iliyopangwa, maana ilikuwa kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki watoto kama 10 na nusu katika kila 100 kwenye makundi ya maji ya haraka, na 7.3 kwenye lile la polepole. Yani katika kila watoto 100 kuna watatu ambao maji ya haraka yaliwaondoa.

Shangazi alikataa katakata. Alikasirika kabisa, nakumbuka alikuwa anachambua mchele akausukuma ungo pembeni. "Mimi nimewaona kwa macho yangu haya wakifumbua macho dripu ikiingia. Unaniambia nini wewe?"

Na kilichonishangaza, alikuwa hajakosea alichokiona. Kwenye ule ule utafiti, saa ya kwanza watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu zaidi ya wenzao, mikono inapata joto, mapigo yanatulia. Kufa kunakuja baadaye, usiku, kesho yake, zamu nyingine, nesi mwingine, na mtoto mgonjwa vile akifa kila mtu anasema malaria ilikuwa kali. Hakuna jicho la mtu mmoja linaloweza kuona watoto watatu zaidi katika 100, hata ukae wodini miaka 30. Utaona yule aliyefumbua macho. Nilipomwambia hivyo shangazi alikaa kimya kidogo akarudia ungo wake, baadae akasema "basi ndo maana", hakusema ndo maana ya nini na mimi sikumuuliza.

Kumbuka mwaka huo huo wa 2011 nchi nzima ilikuwa Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa dawa ya Babu, foleni ya magari, kikombe shilingi 500. Kila anayerudi ana ushuhuda. Shuhuda zile zilikuwa za watu waliorudi wakiwa na nguvu ya kusimulia, na mtu wa dripu aliyepona naye ana ushuhuda, na wote wawili wanaongea ukweli wa walichokiona. Kundi la pili la kulinganisha nalo ndo halipo.

Ila hapo hapo kuna mtego mwingine na huu watu wanaumia nao. Miaka baadae ikaja meseji kwa herufi kubwa, DRIPU INAUA WATOTO, UTAFITI UMETHIBITISHA, MSIKUBALI. Jirani yetu mtoto wake alikuwa anaharisha na kutapika, macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, hospitali wanataka kumuwekea dripu mama anagoma na simu mkononi anaonyesha ile meseji. Shangazi ndo aliyeitwa. Alimwambia, "mwanangu watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti huo". Na ni kweli, waliwatoa makusudi kabisa, wa kuharisha sana na walioungua moto, kwasababu wao maji yamewatoka mwilini na lazima yarudishwe, na wenye utapiamlo mkali pia, maana wao wana utaratibu wao wa matibabu. Mtoto akawekewa, akapona. Yule aliyeandika meseji alichukua jibu la watoto wengine akamvisha mtoto huyu. Toka siku hiyo nikaongeza swali la pili nyuma ya lile la kwanza: hao watu walikuwa ni nani? Wanafanana na mimi?

Hii ya asilimia niiseme kwa kifupi maana inachosha. Kwinini mnaikumbuka, ile sindano ya malaria masikio yanalia kama king'ora. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali kwenye nchi 9 za Afrika, kwinini dhidi ya artesuneti, sindano nyingine ya malaria. Wa kwinini walikufa 10.9 kati ya 100, wa artesuneti 8.5. Ukitaka kuvutia utaandika "imepunguza vifo kwa asilimia 22.5", ukitaka kukatisha tamaa utaandika "ni kama watoto wawili tu na kidogo kati ya 100". Ni namba zile zile. Mi naomba zote mbili, ya kabla na ya baada, halafu ndo naamua nishangae au nisishangae. Kwa kifo cha mtoto wawili kati ya 100 ni wengi sana. Kwa mafua yaliyoisha siku moja mapema, aah.

Na mjomba wangu anayesema tunadharau miti shamba huwa namkumbusha hiyo artesuneti imetoka wapi. Imetokana na mmea. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, alikuwa anapekua vitabu vya tiba za kale, akakuta maelekezo ya kuloweka ule mmea kwenye maji na kuukamua, hakuna kuchemsha, akashtuka kwamba labda wao wanaiua dawa kwa moto. Akatumia njia isiyo na joto kali, ikafanya kazi kwa panya na nyani, 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza, ndo wakawapa wagonjwa. Akapewa tuzo ya Nobel 2015. Mseto tunaomeza leo una undugu na ule mmea. Kwahiyo mjomba mti sio tatizo, tatizo ni meseji ya mlonge ambayo utafiti wake uliishia kwa panya halafu sisi tunaambiwa tutupe vidonge.

Nimalizie na mama yangu maana ndo vita ya mwisho tuliyopigana.

Mama ana presha na sukari. Yule yule binamu wa "asilimia 36??", saivi yuko Minnesota, akatuma linki na maneno makali, kwamba madaktari wa Bongo wanamwacha mama na presha ya 138, ile namba ya juu, wakati utafiti umeshasema ishuke mpaka chini ya 120. Utafiti upo kweli, unaitwa SPRINT, ulitoka 2015, watu 9,361 huko huko Marekani, na walioshushwa chini ya 120 walipata matatizo ya moyo na vifo vichache kuliko walioachwa chini ya 140. Nikamuuliza lile la pili, hao walikuwa kina nani? Akarudi baada ya muda, "ok, wenye sukari hawakuwemo". Wala waliowahi kupata kiharusi. Halafu walipimwaje: mtu anakaa kimya dakika tano, mashine inajipima yenyewe mara tatu. Mama yangu anapimwa ametoka kugombania daladala, amesimama foleni, nesi anamsalimia huku anamfunga mkono. Ile 138 yake sio 138 ya wale.

Hapo nilidhani nimeshinda, lakini binamu akachimba, na 2024 ukatoka mwingine wa China, huo sasa wenye sukari tu, zaidi ya 12,000, na wao pia walioshushwa zaidi walifaidika, ingawa presha kushuka mno mpaka mtu anajisikia vibaya ilitokea zaidi kwao. Nikakubali, hiyo inamhusu mama. Tukaazima mashine tukawa tunampimia nyumbani asubuhi akiwa ametulia, tukaandika kwenye daftari, tukaenda nalo kliniki. Daktari kijana, mpole, akalisoma daftari lote, wala hakuanza na mambo ya kuongeza dawa. Akamgeukia mama. "Mama shikamoo tena, niambie ukweli, hivi vidonge unakunywa kila siku?"

Mama akaangalia pembeni. Anakunywa leo, kesho anaruka, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Sisi wote tulikuwa hatujui, tunabishana 120 na 140 na Wachina.

Jioni nikawaandikia grupu lote. Mama naye akachukua simu akatuma sauti, akauliza tu, hao wa Marekani kwenye huo utafiti wenu dawa walikuwa wananunua wenyewe? Nikaenda kuangalia. Walipewa bure.

Binamu akakaa kimya kidogo, halafu akauliza dawa za mama za mwezi mzima ni shilingi ngapi.